Kofia Nne na Mashine Isiyojaa

Wanga wa muhogo ukichemka hutoa harufu ya kitu ambacho hakijaamua kiwe chakula au gundi. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya Jumamosi. Nyumba yetu ya Mkunazini, Unguja, ilikuwa na ua mdogo wa saruji, na kila Jumamosi asubuhi, nikirudi chuoni kusoma Kurani, nilikaa pale na mabeseni mawili, moja la sabuni na moja la wanga, nikafua kofia za baba. Baba alikuwa mshoni wa kanzu. Alifanya kazi chumba cha mbele, kwenye cherehani ya miguu, na mshoni wa kanzu hawezi kutoka nje na kofia iliyolala kama chapati. Kofia zake za kutokea zilikuwa nne, zote za viua, vile vitundu vilivyodariziwa, nyeupe kwa nyeupe, na kila Ijumaa ilikuwa na zamu ya kofia yake. Nilizihesabu zikiingia kwenye maji na nikazihesabu zikitoka, ingawa hakuna hata moja iliyopata kutoroka. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nimelelewa na bibi mzaa mama ambaye alikuwa hanunui fungu la mchicha bila kulifungua akahesabu mashina, kisha akalihesabu tena mbele ya muuzaji ili naye aone haya. Tabia hiyo nimeirithi nzima. Ningemrithi na upole, lakini hakuwa nao.

Baba alinyoa kichwa kila Ijumaa tangu kabla hajaoa. Hakuwa na upara. Alipenda tu kichwa kitupu kilichooshwa, kikapakwa mafuta kidogo, kikavikwa kofia, kisha aende msikitini akijihisi mwepesi. Alijinyoa mwenyewe kwa wembe, kwenye choo cha uani, mbele ya kioo kilichotundikwa msumarini, na kisogoni alinyoa kwa kupapasa. Mwaka huo akagundulika ana sukari, tena si ya kubembeleza. Daktari akasema mbele yetu sote: miguu ivae viatu, na wembe utupwe, kwa sababu mkwaruzo ambao kwa mtu mwingine hukauka keshoye, kwake yeye unaweza kumlaza kitandani na usimwamshe. Hata kwa vinyozi asiende, maana hajui wembe wao umetoka kichwa gani. Anunue mashine yake ya umeme. Mama alilia. Baba akataka kujua kama mashine hiyo inashona na vifungo. Mimi nilirudi nyumbani nikaenda chooni, nikahesabu nyembe zilizobaki kwenye pakiti. Saba. Nikazihesabu tena, saba. Nikamwambia mama tuzitupe. Mama akasema wembe haukosi kazi katika nyumba ya mshoni. Zikabaki palepale.

Aliyejitolea kununua mashine alikuwa Ami Seif, mdogo wake baba, aliyefanya kazi kwenye hoteli moja ya ufukweni huko Uroa. Ami alikuwa mtu wa manukato na miwani, na alipenda kununua vitu mbele za watu. Tukaenda watatu, yeye, baba na mimi, kwenye duka la vitu vya umeme Mlandege. Muuzaji, mtu mzima mwenye subira, akatandaza mashine tatu juu ya kioo cha meza. Ya kwanza ilikuwa ya waya tu: ukiichomeka inakata, ukiichomoa ni jiwe. Ya pili ilikuwa ya manjano, mbaya kwa sura, inatumia betri mbili ndogo za tochi, zile zinazouzwa hata kwenye maduka ya sigara. Ya tatu ilikuwa ya fedha, ina taa ya buluu, na betri yake imefungiwa ndani kwa ndani. Nikamuuliza muuzaji kama ile ya tatu, betri ikiisha katikati, unaweza kuendelea kunyoa ikiwa kwenye waya. Akanitazama kwa heshima ambayo sikuizoea. “Hapana, mwanangu. Hii waya wake ni wa kuilishia tu. Ikiwa inakula, haifanyi kazi. Na inakula saa nane nzima.”

“Na umeme ukikatika?” nikauliza.

Ami akavua miwani ili nione vizuri anavyonishangaa. “Wewe mtoto, waya wa umeme wa Unguja umelazwa chini ya bahari. Nani atakwenda kuukata? Papa?”

Duka zima likacheka. Baba naye akacheka. Nikaionesha ile ya manjano, nikasema hii betri zake ziko kila kona, na ikifa unaifufua pale pale. Ami akasema hiyo ni ya kunyolea mbuzi, na kaka yake si mbuzi. Basi hapo ndipo mazungumzo yalipokufa, kwa sababu kwetu mtu akikununulia kitu mbele ya watu, humchagulii cha bei ndogo. Utakuwa umemwambia hadharani kwamba hana kitu. Baba aliijua tofauti ya mashine zile. Niliona macho yake yakirudi mara mbili kwenye ile ya manjano. Lakini alikuwa amekaa pale kama bwana harusi, anapewa, na anayepewa hachagui. Akasema, “Hiyo ya fedha nzuri, Mungu akulipe.” Nimeuza vitu na kununua vitu kwa miaka mingi sasa, na sijapata kuona adabu iliyomgharimu mtu kiasi kile.

Lazima niseme kweli hata nikiwa na hasira: Ijumaa mbili za mwanzo mashine ilinyoa vizuri. Ililia kama nyuki ndani ya gunia, na baba alitoka chooni akipapasa kisogo chake kwa furaha ya mtoto. Kisha umeme ukakatika. Haukukatika kwa saa mbili au kwa siku. Kisiwa kizima kilikatikiwa, wiki ikawa mwezi na mwezi ukaomba mwenzake. Kila mtu alikuwa na sababu yake iliyoharibika huko baharini au nchi kavu, na kila mtu alikuwa na siku yake ya kurudi kwa umeme, na zote zilipita. Mabomba yakakauka kwa sababu pampu hazivuti, tukabeba ndoo kutoka visimani. Vichochoro vya Mji Mkongwe vikajaa moshi wa majenereta, kila tajiri na lake, yakinguruma kama watu wanaogombana bila kusikilizana. Nyumbani tulirudia kandili. Cherehani ya baba peke yake haikujua kama kuna jambo limetokea.

Ami alitutembelea Jumapili ya kwanza, simu yake imejaa chaji. Mama akamwekea chai, akamwambia kwa upole, “Shemegi, si uende nayo hii mashine huko kwenu Uroa ukaitie moto? Jenereta lenu silo linalolala.”

“Ah, shemegi, kule tunapekuliwa getini. Msimamizi akiniona na mashine atasema nimeiiba chumba cha mgeni. Mnataka nifukuzwe kazi kwa ajili ya nywele?”

“Mwache,” baba akasema. “Nywele tu.”

Nakumbuka nilivyoshika birika, na jinsi mama alivyonikanyaga mguu ili nisiseme. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. Nilitaka kumuuliza Ami kama msimamizi huyo anapekua na simu, na kama simu inatoka na chaji, chaji nyingine inashindwaje. Sikuuliza. Mtoto wa kike hamhoji ami yake mbele ya chai.

Ikabidi mashine ipelekwe kwa Bakari. Bakari alikuwa na kijiduka nyuma ya soko la Darajani, jenereta lake mlangoni na meza ndefu ndani yenye soketi kumi na nane, nimezihesabu mara mbili, na juu yake simu zimelala chali kama samaki mnadani. Jenereta aliliwasha kuanzia alasiri mpaka magharibi ipite, saa nne kwa siku, basi. Kwa hiyo mashine ya baba ilihitaji siku mbili kamili. Nikamweleza hivyo, nikampa siku mbili, akasema hakuna tabu. Alhamisi nikaifuata. Akanikabidhi huku taa ya buluu inawaka. “Imejaa hiyo, mpaka inamwagika.”

Ijumaa asubuhi baba akaingia chooni. Tukasikia nyuki akiimba, akaimba, kisha akashuka sauti, akakohoa, akanyamaza. Baba akasubiri, akagongagonga mashine ukutani, akatoka. Upande wa kulia kichwa kilikuwa kitupu kinang'aa. Upande wa kushoto na kisogoni nywele ziko zote, na mpaka katikati umenyooka kama wa shamba lililogombewa na ndugu. Mama alijaribu kujizuia, akashindwa, akakaa chini kwenye kizingiti akicheka mpaka leso ikamwanguka. Mimi nilicheka. Baba akajiona kwenye kioo cha dirisha, akacheka kuliko sisi. Kisha akasema, “Ngojeni, nitaiamsha,” akarudi ndani, akafunga mlango. Akachukua muda. Alipotoka alikuwa ameshavaa kofia, amekwishajipaka mafuta ya karafuu, na kichwa chini ya kofia kilikuwa sawa pande zote. Mama akamuuliza, akajibu kwamba mashine ilipata pumzi.

Jumamosi, kwenye beseni langu, ndani ya kofia ya kwanza, sehemu ya kisogoni, nikaona madoa mawili ya damu. Yalikuwa madogo kama mbegu za papai. Nikaenda chooni nikahesabu nyembe. Sita. Nikaenda chumba cha mbele na kofia mkononi, maji yananitiririka mpaka kwenye kiwiko. Baba hakuacha kukanyaga cherehani. “Usimwambie mama'ko,” akasema. “Atasononeka bure. Wiki ijayo mashine itajaa.” Kisha akanitazama kwa yale macho ya mtu anayeomba apunguziwe. Nikampunguzia. Hiyo ndiyo biashara mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliifanya bila hata kuzungushana.

Wiki iliyofuata sikumwamini Bakari. Nikampelekea mashine Jumanne, na Jumatano, badala ya kwenda kucheza, nikapita dukani kwake saa ambayo hakunitarajia. Mashine ya baba ilikuwa juu ya rafu, waya wake umezungushwa shingoni, na kwenye soketi yake kuna simu mbili zimeunganishwa kwa kichwa cha kugawanya. Nikasimama mlangoni nikapiga kelele kwamba huyu ni mwizi. Watu wakageuka.

“We binti, punguza sauti,” Bakari akasema. “Mashine moja inanikalia soketi siku mbili. Humo humo napitisha simu sita. Na simu ni maisha ya watu, mtu anaitafuta familia yake Pemba, anaita daktari. Wewe unataka babako apendeze.”

“Baba ana sukari! Akijikata anaoza!”

“Basi afuge nywele,” akasema mzee mmoja aliyekuwa anangojea simu yake, na kijiduka kizima kikaona jambo hilo lina akili sana. Nilichukua mashine nikaondoka, nalia kwa hasira, na kilichonitia hasira zaidi ni kwamba mzee yule alisema kweli. Mama naye alishamwambia baba hivyo. Afuge, nywele si haramu. Baba akajibu kwamba yeye haendi Ijumaa na kichwa kama jalala, na wateja wake watasema mshoni amefiwa. Angeweza pia kwenda Mlandege kununua ile ya manjano. Nilimwambia. Akasema Ami akija akaikuta ya pili, atajua kwamba ya kwake imetushinda. Kwa hiyo tulikuwa na kisiwa kilichokosa umeme, na kijana aliyeuza soketi moja mara sita, na ami aliyeogopa geti, na baba aliyeogopa kumvunja moyo ami, na kichwa kimoja tu cha kubeba yote hayo.

Kofia ya pili ilikuja na madoa matano. Nyembe tano. Kofia ya tatu haikuwa na madoa ya kuhesabu. Lilikuwa doa moja, kubwa kama tende, jekundu katikati na njano pembeni, na kitambaa kimeshikana mpaka viua vimeziba. Nililoweka, nikasugua, nikaloweka tena. Mama hakuona, kwa sababu giza lilishirikiana na baba. Chumbani kulikuwa na kandili moja iliyopunguzwa utambi, baba alilala amejifunga kilemba akisema mbu wamezidi, na mafuta ya karafuu yalifunika kila harufu. Alishona ameinamisha shingo upande mmoja. Alipoamkiwa na watoto wa jirani, “Shikamoo, babu,” aliitikia “Marahaba” bila kugeuza kichwa, akageuza mwili mzima. Mimi niliyaona yote hayo, nikayaweka hesabuni, nikanyamaza, kwa sababu niliahidi.

Kofia ya nne niliinusa kabla sijaiona. Karafuu juu, na chini yake kitu kitamu kilichooza, kama embe lililosahauliwa mkobani. Niliishika juu ya beseni la sabuni, na mikono yangu ikakataa kuitia ndani ya maji. Nikaikunja, nikaificha chini ya mkeka wangu. Siku ya pili yake, Jumapili, Ami alikuja kula. Tulikaa kwenye mkeka, wali katikati, baba upande mmoja na Ami upande wa pili, akitueleza kwamba wageni wa hoteli wamelalamika barafu ni chache. Nikaingia na kofia juu ya sinia, pale panapowekwa mchuzi. Nikaitua mbele ya Ami, ndani imegeuzwa nje.

Mama alipiga ukelele kabla ya mtu yeyote kuelewa. Ami akasogea nyuma na kuziba pua. Baba akasema jina langu, mara moja, kwa sauti ya chini, na hicho kilikuwa kipigo kikubwa kuliko fimbo. Mama akamvua kofia aliyokuwa ameivaa. Mimi nilisukumwa nje, sikuona kitu. Nilisikia tu mama akisema, “Ya Rabbi, ya Rabbi, na mimi nalala ubavuni kwake.” Alasiri ile baba alikuwa hospitali. Daktari alimwambia mama kwamba usaha ulikuwa umechimba kuelekea mfupani, na kwamba hawezi kumwahidi lolote. Alikaa huko siku ishirini na tatu. Mara mbili tuliitwa tukaambiwa tujiandae. Hakufa, Alhamdulillahi. Alirudi mwembamba, bandeji imemzunguka kichwa, na tangu siku hiyo hakunyoa tena. Alifuga nywele, zikafunika kila kitu, na nyumba nzima ikashukuru kwa kufunikwa.

Leo nina duka langu mwenyewe, si mbali na pale Mlandege, na vitu ninavyouza zaidi ni mashine za kunyolea. Mambo yamekuwa mepesi, sikatai. Mashine za siku hizi zinajaa kwa saa mbili, zinatumia waya ule ule wa simu, zinafanya kazi zikiwa kwenye waya na zikiwa hazimo. Umeme ukikatika unarudi kabla barafu haijayeyuka. Mteja akija simuulizi anapenda rangi gani. Namuuliza nani atanyolewa, ana maradhi gani, na kwao umeme unakatika mara ngapi kwa wiki. Wengine huniona mpekuzi wakaenda duka la pili. Na waende.

Kisichobadilika ni nyumbani. Ami Seif ni mzee sasa, na kila Idi, watoto wakishiba, husimulia kisa cha kaka yake kutoka chooni na nusu ya kichwa. Anakisimulia vizuri, anaigiza nyuki, anaigiza mama kizingitini. Watoto hugaragara. Kisa kinaishia pale baba anaposema mashine imepata pumzi. Nimekisikia kikiishia hapo mara kumi na moja. Baba hucheka, mama huinuka kwenda kutazama jiko, na mimi hunywa maji. Idi iliyopita sikunywa. Watoto walipomaliza kucheka nikawaambia kisa hakijaisha, nikakimaliza, kofia kwa kofia, soketi kwa soketi, na geti la Uroa nikaliweka mahali pake.

“Mambo ya zamani hayo, we nawe,” Ami akasema. “Sisi tunachekesha watoto.”

“Nami nawafundisha hesabu, Ami.”

Hakuna aliyecheka. Mama hakuinuka. Baba aliendelea kumenya chungwa lake, ganda moja refu lisilokatika, akangoja mpaka wageni wakaondoka. Ndipo akaniita uani, mchana mweupe, ameketi kwenye kiti cha plastiki na taulo mabegani. “Si unauza mashine wewe? Lete moja.”

Nikaleta niliyoichagua mwenyewe, imejaa, na waya wake mfukoni. Nikaanzia mbele. Nywele nyeupe zilianguka nyepesi kama pamba ya mto, na mashine haikukohoa hata mara moja. Nilipofika kisogoni mkono wangu ndio uliosimama. Miaka yote nilikuwa nimelikisia kovu lile kwa doa la kofia ya tatu, kama tende, kwa sababu hilo ndilo nililoliona. Lilikuwa kubwa kama kiganja, limezama, ngozi yake nyembamba inang'aa na mifupa iko karibu chini yake.

“Linauma?” nikauliza.

“Sasa? Hapana.”

“Na wakati ule?”

Akainamisha shingo. “Sana,” akasema. “Liliniuma sana, mwanangu, na nilikuwa naogopa.” Alilisema kama mtu anayetaja bei ambayo hataki kuipunguza wala kuizungumza. Nikawasha mashine, nikanyoa kuzunguka kovu polepole mpaka likawa wazi lote. Nilikuwa na hasira kubwa kuliko niliyoamka nayo.